DJ wa harusi Mkwaja: unalipia nini hasa?

Bajeti ya harusi ikifika kwenye fungu la muziki, kamati nzima huchangamka. Kuna atakayeuliza kwa nini mtu alipwe fedha zote hizo kwa kupiga nyimbo ambazo kila kijana anazo kwenye simu. Swali ni la haki. Pilau linaonekana, turubai linaonekana, gauni la bi harusi litabaki kwenye picha. Muziki ukizimwa, hakuna kinachobaki mkononi. Ndiyo maana michango ikipungua, muziki ndio hukatwa mwanzo.

Jibu lipo, ila halimo kwenye nyimbo. Mwenye shughuli wa Mkwaja akimkodi DJ wa kazi analipia mambo matatu: umeme usiokatika, sauti inayomfikia kila aliyealikwa, na mtu anayejua wimbo upi usipigwe. Mawili ya kwanza yanapimika kwa namba. La tatu halina kipimo, lakini likikosekana ndilo linaloharibu shughuli.

KABLA YA DJ ILIKUWAPO BENDI

Pwani ya Tanga haikuanza jana kulipia muziki wa harusi. Miaka ya 1960 Black Star Musical Club, na baadaye Lucky Star, ziliifanya Tanga kuwa moja ya vituo vikubwa vya taarabu Afrika Mashariki. Ziliingiza gitaa la umeme na besi katika muziki uliozoeleka kwa udi na fidla, na zikaupa mwendo wa kuchezeka. Mwimbaji wao mashuhuri, Shakila binti Said, alikuwa mzaliwa wa Pangani, wilaya hii hii ilimo Mkwaja.

Kuna jambo moja kuhusu bendi hizo ambalo wazee wakisimulia bei za zamani hulisahau. Bendi ya taarabu ilikuwa na mapato ya aina mbili: kuna yale ya makubaliano, na kuna tunza. Mtafiti Mmarekani Kelly Askew, aliyefanya utafiti wake Tanga katika miaka ya 1990 na kuandika kitabu Performing the Nation kilichotoka 2002, ameeleza kwa kina namna tunza inavyofanya kazi. Mwanamke huinuka ubeti fulani unapoimbwa, akatembea polepole na noti yake juu, akapita mbele ya anayemkusudia, kisha akamkabidhi mwimbaji. Mwimbaji amepata fedha, na ujumbe umefika.

DJ hana mwimbaji wa kutunzwa. Mwimbaji wake yumo kwenye flashi. Noti zinazotolewa ukumbini huishia kwa bi harusi, kwa mama yake au kwa wanaocheza vizuri, na DJ akiambulia kitu basi ni soda. Kwa hiyo karibu kipato chake chote kimo ndani ya bei mliyokubaliana. Anayelinganisha bei ya DJ wa leo na bei ya bendi ya zamani analinganisha mshahara kamili na nusu mshahara.

HESABU YA BARABARA

Mkwaja ipo kusini ya wilaya ya Pangani, jirani na Hifadhi ya Taifa ya Saadani. Kutoka Tanga hadi Pangani mjini ni kilomita 50 hivi. Hapo kuna mto, na baada ya kuvuka kwenda Bweni bado kuna zaidi ya kilomita 40 za kushuka kusini. Kwa miaka mingi njia ya kuvuka imekuwa kivuko. Ujenzi wa daraja la mita 525, sehemu ya mradi wa barabara ya lami ya Tanga, Pangani hadi Bagamoyo, umekusudiwa kuibadili hesabu hiyo. Hata hivyo umbali unabaki ule ule.

Sasa mfuate DJ anayetoka Tanga. Anakodi kirikuu kubeba spika. Analipa mafuta na kivuko. Anakuja na fundi mitambo wake na kijana wa kunyanyua vyombo, na wote wanakula. Harusi ikiisha saa sita usiku hawarudi, kwa sababu hakuna mwenye akili anayeondoka na vyombo vya watu usiku wa manane akitegemea kuvuka mto. Shughuli ya saa tano imewachukua siku mbili, na Jumamosi hiyo wameiacha harusi nyingine mjini.

Ndiyo sababu kamati isikubali bei ya jumla peke yake. Iombe mchanganuo wa mafungu manne: ufundi, vyombo, usafiri na umeme. Kwa harusi ya Mkwaja, fungu la usafiri mara nyingi litawashangaza. Kinachokula fedha hapo ni uzito wa spika. Mtu na kompyuta yake hupanda basi na bodaboda.

Hapo ndipo panapopatikana nafuu ya kweli. Spika, jenereta na taa vikodiwe karibu, iwe Mkwaja penyewe, Kipumbwi au Mwera, halafu DJ aitwe kutoka mjini akiwa na kompyuta, mikisa na maiki zake. Sharti ni moja: vyombo vijaribiwe pamoja mchana wa siku ya shughuli. Jeki za pwani huliwa na chumvi. Spika iliyokaa stoo tangu Idi huweza kuwaka vizuri na kuanza kukwaruza baada ya nusu saa.

Nafuu nyingine imo kwenye kalenda. Ramadhani haina muziki, kwa hiyo harusi hurundikana Rajabu na Shaabani, zikaibuka tena Mfungo Mosi. Wakati huo DJ ndiye anayechagua kazi. Anayeoza katikati ya wiki, au mwezi usio na shughuli nyingi, ana nguvu ya kuzungumza bei.

UMEME NDIO ROHO

Mtambo wa wastani wa harusi ya kijijini, pamoja na taa zake, tuseme unakula wati 3,000. Kwa umeme wetu wa volti 230 hiyo ni takriban ampea 13. Jenereta iliyoandikwa kVA 5 kwa kawaida hutoa wati 4,000 hivi, si 5,000. Kwa hiyo inatosha, ila nafasi iliyobaki ni ndogo. Mpishi akija kuchomeka birika la umeme, au mwenye duka akaomba kuunganisha friji la soda, besi itaanza kupwaya na jenereta itanguruma kwa shida. Kanuni ya fundi mzoefu ni kwamba waya wa muziki hauchangiwi na jiko wala friji.

Waya wenyewe una hesabu yake, na ndiyo inayopuuzwa zaidi. Jenereta huwekwa mbali ili kelele zake zisiwafikie wageni, tuseme mita 50. Kwa mzigo wa ampea 13, waya wa shaba wa milimita mraba 1.5 hupoteza karibu volti 16 njiani, na wa milimita mraba 2.5 hupoteza karibu 10. Ukianza na volti 230, ampu inapokea 214 au 220. Jenereta yenyewe ikiwa imeshuka kidogo, anayetumia waya mwembamba anafika mahali ampu inajizima yenyewe, tena wimbo ukiwa umekolea na watu wote wamesimama. Tofauti ya bei kati ya waya huo na ule ni ndogo kuliko gharama ya keki.

Kwa mafuta, jenereta ya petroli ya ukubwa huo hunywa takriban lita 1.5 hadi 2 kwa saa. Kwa saa nane ni lita 12 hadi 16. Tukichukua shilingi 3,000 kwa lita, ni shilingi 36,000 hadi 48,000. Mafuta hayo yanunuliwe mapema na yakabidhiwe kwa mtu mmoja. Shughuli nyingi zimezimika usiku kwa sababu kila mmoja alidhani mwenzake ameshanunua.

Umeme wa TANESCO ukiwapo, jenereta bado inakaa tayari. Hapo hujulikana nani fundi na nani mbabaishaji. Umeme ukikatika, kompyuta ina betri yake, mikisa haina. Fundi ameiwekea mikisa betri ya akiba. Umeme ukirudi hawashi kila kitu kwa mpigo: anaanza na mikisa, ampu inakuwa ya mwisho. Akifunga, anaanza na ampu. Anayekiuka utaratibu huo hupiga mshindo mmoja mkubwa unaoshtua vikongwe na kuua twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba, na spika ya kukodi ikiharibika, deni ni la mwenye shughuli.

SAUTI INAYOFIKA

Watu hupenda kuuliza DJ ana spika ngapi. Swali lenye faida ni zitakaa wapi. Uwanjani, pasipo kuta za kurudisha sauti, kila umbali ukizidi mara mbili sauti hupungua desibeli 6. Spika inayotoa desibeli 110 mtu akiwa mita moja, humfikia aliye mita 2 ikiwa na 104, aliye mita 8 ikiwa na 92, na aliye mita 32 ikiwa na 80. Aliyekaa mbele anazibwa masikio, wakati babu wa nyuma anauliza wamesema nini.

Kuongeza wati hakutibu jambo hilo. Ampu ya wati 2,000 badala ya 1,000 huongeza desibeli 3 tu. Ili sikio lihisi sauti imekuwa kubwa maradufu zinahitajika desibeli 10 hivi, yaani wati mara kumi. Dawa ni kuzigawa spika: mbili mbele, mbili ndogo katikati ya watu, zote kwa sauti ya wastani. Nayo dawa hiyo ina masharti. Sauti husafiri takriban mita 350 kwa sekunde katika joto letu, kwa hiyo spika zikiachana mita 35 kuna pengo la sehemu moja ya kumi ya sekunde. Neno la mshehereshaji linasikika mara mbili na hotuba haieleweki. Fundi anayejua huzichelewesha spika za nyuma kwa kitufe cha mikisa, asiyejua huongeza sauti.

Harusi za pwani zina jambo jingine: mara nyingi wanawake wana upande wao na wanaume wao. Upande mmoja una taarabu na vigelegele, upande wa pili una wazee na khutba. Anayefunga muziki kana kwamba ni ukumbi mmoja atawaudhi wote. Upande wa wanawake upewe spika zake na kitufe chake cha sauti. DJ mwanamume akae nje ya pazia na awe na mtu wa ndani wa kumpa ishara ya lini apandishe na lini ashushe.

Upepo nao uhesabiwe. Mchana Mkwaja hupigwa na upepo wa kutoka baharini. Spika zikiipa bahari mgongo, upepo unasaidia kupeleka sauti kwa watu. Zikielekezwa baharini, sehemu ya sauti inapotea na DJ anajaribu kufidia kwa kupandisha zaidi. Maiki ikae nyuma ya mstari wa spika, kwani ikipita mbele itapiga mluzi, na mara nyingi huupiga wakati mzee ananyanyua mikono kuomba dua.

Halafu kuna masikio ya watoto. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwa kumbi za muziki: wastani usizidi desibeli 100 katika kila dakika 15. Rudi kwenye hesabu ya juu. Mtoto anayecheza mita 2 kutoka kwenye spika yumo kwenye 104. DJ wa kazi hupandisha spika juu ya stendi, zaidi ya kimo cha vichwa, na kuweka kamba mbele yake. Gharama yake ni kamba.

WIMBO USIOPIGWA

Sasa tuje kwenye lile lisilopimika.

Taarabu ya mipasho ni barua. Miaka ya 1990, enzi za ushindani wa Khadija Kopa wa kundi la TOT na Nasma Khamis Kidogo wa kundi la Muungano, nchi nzima ilizoea kusikiliza wimbo na kuuliza unamlenga nani. Kijijini mazoea hayo yapo hadi leo. Enzi za bendi kila mtu alimwona aliyetunza, kwa hiyo barua ilikuwa na sahihi. Ugomvi ukitokea, wazee walijua pa kuanzia. DJ anapopiga wimbo ule ule, sahihi haipo. Sauti inatoka kwenye spika, watu wote wanasikia, aliyeuomba kakaa kwenye mkeka anakunywa chai. Barua imekuwa ya DJ, na kupitia yeye imekuwa ya mwenye shughuli.

Ombi lenyewe huja kwa upole kabisa. Mama mtu mzima anasogea mezani na noti iliyokunjwa.

"Mwanangu, shika ya soda. Nipigie ile ya mke mwenza."

DJ mchanga anapokea noti na kubonyeza. Hajui kwamba bwana harusi ana mke mkubwa Kipumbwi, kwamba shemeji za mke huyo wamekuja kwa heshima na wamekaa safu ya pili, na kwamba wimbo huo ukilia wataondoka kabla ya chakula. DJ mkomavu anaamkia kwanza.

"Shikamoo, mama. Nimekusikia, nitaipanga."

Noti anairudisha kwa adabu au anamkabidhi bi harusi. Wimbo hauji. Mama akirudi, anaambiwa zamu ni ya upande wa bwana harusi. Baada ya saa moja mama amesahau, na harusi imepona.

Uamuzi huo haufanywi papo hapo. Unaandaliwa siku kadhaa kabla, DJ anapoketi na shangazi au somo wa bi harusi na kuuliza maswali ambayo kijana mwenye simu hawezi kuyauliza. Kuna mke mwingine? Kuna mtalaka atakayekuja? Kuna koo mbili zisizosalimiana? Kuna msiba wa karibuni mtaani? Kutokana na majibu anaandika orodha ya nyimbo zisizopigwa, na hupangwa mtu mmoja tu wa kupokea maombi. Katika harusi ya kijijini, ambako kila mmoja ni ndugu au mtalaka wa ndugu, karatasi hiyo ina thamani kuliko mkusanyiko wote wa nyimbo.

Kupanga nyimbo nako ni elimu. Singeli hukimbia kwa mapigo 200 na zaidi kwa dakika. Ikiwekwa mara tu baada ya taarabu ya taratibu, akina bibi wanakaa chini na hawainuki tena. Anayejua hupita katikati kwanza: taarabu ya kisasa, kisha mduara, kisha bongofleva inayochezeka, ndipo singeli, wakati watoto wanapelekwa kulala na vijana wamebaki. Baikoko, ngoma ya Tanga iliyopata jina kwa viuno na kwa lawama, ina saa yake na ina watu wake, na mbele ya wakwe si pake. Zipo pia nyimbo zilizoguswa na serikali: Novemba 2018 Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, liliufungia wimbo "Mwanza" wa Rayvanny na Diamond Platnumz kwa sababu ya maneno yake. DJ anayefuatilia kazi yake anajua mambo hayo bila kuambiwa.

Zaidi ya yote anajua kunyamaza. Dakika chache kabla ya adhana ya magharibi na ya isha anashusha sauti taratibu hadi kimya, bila kungoja mtu aje kutoka msikitini amefura.

SI KILA SHUGHULI INAHITAJI DJ

Haki ya uchambuzi ni kusema pia pale fedha inapopotea. Nikahi ya asubuhi na chakula cha majirani haihitaji DJ. Inahitaji maiki moja nzuri na spika mbili za kusomea maulidi. Shughuli ya watu 50 chini ya turubai moja inatoshwa na sabufa na binamu mwenye busara, mradi orodha ya nyimbo iandaliwe mapema. DJ wa kulipwa anaanza kuwa na maana watu wanapozidi mia, panapokuwa na pande mbili za wageni, hotuba, msafara wa kuingia na muziki hadi usiku. Mshehereshaji asidhaniwe kuwa anaweza kufanya kazi zote mbili. Mtu anayesema hawezi wakati huo huo kusikiliza.

Mkishaamua kukodi, andikeni, hata kama ni karatasi ya daftari. Iwepo tarehe, saa ya kufika na ya kufunga, kianzio na salio, nani analeta jenereta na mafuta, ukubwa wa waya, nani analipa kivuko na malazi, na DJ asipofika atamleta nani. Ulizeni kama amesajiliwa BASATA. Kibali cha mtendaji wa kijiji kichukuliwe mapema, kwa sababu kuzimiwa muziki saa nne usiku hakurudishiwi fedha.

Na fedha zikipungua, kamati ikate kwa mpangilio huu: ianze na taa za rangi na moshi, halafu idadi ya spika, halafu saa za muziki. Waya, mafuta ya jenereta na mshahara wa DJ visiguswe.